Mchovu Akae Mbele

Jumapili, katikati ya Juni. Masasi. Jua la jioni limepoa, kuna kaupepo.

Shajara yangu, nimerudi. Nimekaa barazani kwangu hapa Mkomaindo, miguu imo kwenye beseni la maji ya chumvi, na Upendo, binti yangu, ananichungulia mlangoni kila baada ya dakika mbili kuhakikisha kwamba mama yake karudi kweli. Vumbi la Makote limenifuata hadi kwenye kope. Nimeoga mara mbili na bado lipo.

Wiki nzima sikuandika. Muda nilikuwa nao. Ila kulikuwa na jambo ambalo sikutaka kulisoma kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Kwa atakayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa Jiografia, na jioni nafundisha timu ya wasichana ya mpira wa pete. Ni Mbena wa Njombe niliyeletwa kusini na barua ya ajira, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Wasichana wangu wamefuzu. Baada ya siku kumi na mbili tunakwenda kucheza, na mashindano safari hii yako Njombe. Uwanja wenyewe uko mwendo wa dakika kumi kutoka jikoni kwa mama yangu.

Nikiri tu. Tangu nisikie habari hiyo nimekuwa sina akili timamu. Nimeshawaona kaka zangu wamesimama pembeni ya uwanja, nimeshamwona mama na kitenge chake kipya, na mimi napita mbele yao na kikombe. Mtu mzima wa miaka thelathini na sita.

Lakini Njombe ni juu. Mtu wa Masasi akifika kule akapanda ngazi za nyumba ya wageni, lazima ashike ukuta. Hewa ni nyepesi, kifua kinatafuta pumzi na hakiipati. Haya nayafundisha kidato cha kwanza kila mwaka, na ramani naichora ubaoni. Kwa hiyo nikapata wazo: tuweke kambi Newala, juu ya uwanda, wiki moja ya likizo. Mwenzangu, Mwalimu Chilumba, ambaye ni msaidizi wangu wa timu na mtani wangu wa kila siku, akaniambia Newala mbele ya Njombe ni kichuguu. Nikamwambia kichuguu ni bora kuliko bonde. Akasema sawa, yeye anachotaka ni kufika Njombe tu, akaone watu ambao kwa baridi hawaogi mpaka mwaka mpya.

Tukapata madarasa mawili ya shule ya msingi kule Makote. Makote tuliichagua kwa sababu ndiko nyumbani kwa Somoe.

Somoe ni senta wetu. Ana miaka kumi na saba, mrefu, mpole, na sauti yake huwezi kuisikia ukiwa hatua tatu kutoka kwake. Mpira wote wa timu hii unapita mikononi mwake. Mama yake, Mama Somoe, alijitolea kutupikia wiki nzima: ugali wa muhogo, mbaazi, na ming'oko aliyoichimba mwenyewe porini. Wasichana wa mjini walianza kwa kuinusa hiyo mizizi, na kufika Jumanne walikuwa wanagombania sufuria.

Jumatatu alfajiri niliwatoa mbio. Njia inapita katikati ya mashamba ya mikorosho, umande umejaa, ukungu umelala chini. Kilomita moja haijaisha, wanakohoa. Wote kumi. Wengine wameinama, wameshika magoti, machozi yanawatoka. Na mimi, mwalimu wa Jiografia, nilifurahi mpaka nikatabasamu.

Niliwaambia hiyo ndiyo hewa ya juu. Nikawaambia anayehema ndiye anayejifunza, mapafu yanafunguka, asiyehema hajafanya kazi. Jumanne tukarudia. Jumatano tukarudia. Nilikuwa nakohoa na mimi, na kila nikikohoa najipongeza.

Jumatano hiyo hiyo, nikiwa jikoni naosha sahani, nikamsimulia Mama Somoe maendeleo yetu. Nilimweleza mwinuko, nilimweleza oksijeni. Alinisikiliza kwa heshima zote, anageuza mbaazi. Nilipomaliza akaniuliza taratibu, "Mwalimu, huko kwenu Njombe hakuna salfa?"

Salfa. Ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho isishikwe na ukungu wa majani. Msimu wake ni huu, saa yake ni alfajiri wakati umande bado unashika unga, na Makote nzima ilikuwa mashambani na pampu mgongoni. Siku tatu nimewakimbiza watoto wa watu ndani ya salfa nikidhani ni mlima.

Miaka tisa nimeishi kwenye korosho! Lakini naishi mjini, korosho naziona zikiwa zimekaangwa.

Nilipowauliza wasichana kama hawakujua, waliangaliana. Walijua tangu hatua ya kwanza; hata wa mjini, baba zao wana mashamba na wanapuliza. Kwa nini basi hamkusema? Mmoja wao, anayecheza ulinzi, akajibu akiangalia viatu, "Madamu ulikuwa umefurahi sana." Chilumba ilibidi atoke nje ya darasa. Nilimsikia anacheka hadi kule kwenye choo.

Ningependa shajara hii iishie hapo, kwenye kichekesho. Haiishii.

Alhamisi nikahamisha mazoezi yakawa alasiri, pampu zikiwa zimenyamaza na hewa imesafika. Tukakimbia njia ile ile. Wasichana tisa walikimbia wakiwa wanaimba. Wa kumi alibaki nyuma, akasimama, akakaa chini kwenye mchanga kwa adabu kabisa, kama mtu anayesubiri kuitwa. Alikuwa Somoe. Midomo imekuwa myeupe. Nilimfunua jicho kama mama yangu alivyokuwa akitufunua sisi, na ndani kulikuwa kweupe pia.

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu mwezi wa pili, lakini mimi si nilisema anayehema ndiye anayejifunza? Kwa hiyo alidhani anajifunza kuliko wote.

Tulikwenda naye hospitali siku hiyo hiyo, mimi na yeye kwenye pikipiki moja. Wakampima. Damu nane, na inatakiwa ifike kumi na mbili. Muuguzi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimtoa dereva wa pikipiki mlangoni kwa macho tu, akafunga mlango, akamhoji Somoe kwa upole kuhusu siku zake za mwezi. Ni nyingi mno, zinachukua siku nane, tisa, na hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu ya aibu. Timu ya wasichana, kocha mwanamke, na bado aliona aibu. Muuguzi akaandika vidonge vya kuongeza damu, dawa ya minyoo, akataja kisamvu, dagaa na maini, akakataza chai pamoja na chakula. Akasema arudi baada ya mwezi. Kisha akanigeukia mimi. Kusafiri anaweza kusafiri akipenda, kucheza hapana, na kucheza kule juu ndiyo kabisa, asithubutu. Damu ndiyo inayobeba ile hewa, mwalimu, na huyu wabebaji hana.

Somoe alikuwa ameshatoka nje kuchukua dawa dirishani. Maneno hayo ya mwisho hakuyasikia. Aliyeyasikia ni mimi, na karatasi nilipewa mimi.

Nikaikunja mara nne nikaitia mkobani.

Sasa naandika lile ambalo sikutaka kuandika. Nilimwambia Somoe ana upungufu kidogo, ameze vidonge, atakuwa sawa. Nilimwambia hivyo hivyo mama yake. Usiku wa kuamkia Ijumaa nilipiga hesabu ya siku zilizobaki, nikajiambia vidonge vinafanya kazi haraka, nikajiambia wauguzi huwa wanatisha watu. Na Ijumaa tulipocheza mechi ya kirafiki na wasichana wa kata ya pili, nilimpanga. Nusu ya kwanza nzima. Nilitaka kuona kama anaweza.

Aliweza. Hilo ndilo baya zaidi. Nilimwangalia kwa macho ya mwizi, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi anavyocheza. Somoe hakimbii. Anajua mpira utakwenda wapi, anatangulia kwa kutembea, anausubiri. Akiupata anatulia nao zile sekunde tatu zinazoruhusiwa, anavuta pumzi, anatoa pasi fupi kifuani mwa mwenzake. Tangu mwezi wa pili nilikuwa nikimsifu kwa utulivu. Kumbe mtoto alikuwa anabana matumizi ya pumzi.

Jumamosi, yaani jana, bomba la shule lilikauka. Makote bomba likikauka watu hawashangai, wanachukua ndoo. Juu ya uwanda maji hayakai, yako chini bondeni, na bibi zao wote wameshuka na kupanda mteremko ule tangu wakiwa wasichana. Nikaona Mungu kaniletea mazoezi ya mlima bila salfa. Tukashuka wote na akina mama, tukateka. Chilumba na yeye alibeba ndoo yake, ila begani, kwa sababu kichwani ilimmwagikia mara mbili na akina mama walikuwa hoi kwa kicheko.

Kupanda, nikashika mbele. Mimi ni mtu wa milima, miguu ilikuwa imekumbuka kwao. Nikawa natembea naongea, nawahimiza wasichana, twendeni, twendeni. Nilikuwa bado sijafika hata robo ya njia, Mama Somoe akaniita kutoka nyuma. Hakupaza sauti.

"Mwalimu, samahani. Rudi nyuma wewe. Hapa kwetu mchovu ndiye anayekaa mbele."

Nikasimama. Akanieleza huku anahema kidogo, ndoo imetulia kichwani kama imeota pale. Ukipanda na maji, aliyechoka kuliko wote ndiye anayetangulia, na wote mnakwenda mwendo wake. Hakuna kumpita na hakuna kuongea. Ukimweka mchovu nyuma atanyamaza, maana hana pumzi ya kuita, na ninyi mtafika juu na ndoo zenu ndipo mjue hayupo.

Kisha akasema, "Somoe, pita mbele, mwanangu."

Hakuna aliyemwambia ukubwa wa tatizo. Alimjua tu kwa kumwangalia. Somoe akapita pembeni yangu na ndoo yake, taratibu, akashika mbele, na sisi wote kumi na watano tukapanda kwa mwendo wake kimya kimya. Na mimi wa mwisho, mwenye nguvu zangu, na mkoba begani.

Kuna mahali pa kupumzikia katikati, jiwe pana ambapo ndoo zinatuliwa. Pale ndipo nilipomwomba Mama Somoe tukae kando. Nikamtolea ile karatasi. Nikamwambia yote, na ya muuguzi, na ya mechi ya Ijumaa.

Hasomi vizuri bila miwani, kwa hiyo aliishika tu.

"Hii unayo tangu lini?"

"Tangu juzi, Mama Somoe."

"Na jana alicheza."

"Alicheza. Nilimpanga mimi. Nisamehe."

Akainuka, akachukua ndoo ya binti yake, akamimina nusu ya maji kwenye ndoo yangu mpaka ikajaa ukingoni. Akaikunja upya ngata yangu iliyokaa vibaya, akaiweka kichwani kwangu, akanitwisha.

"Haya," akasema. "Tupande."

Nililia njia nzima iliyobaki. Maji yalikuwa yananimwagikia usoni, kwa hiyo hakuna aliyejua. Au walijua wote kama ile salfa.

Tulimwambia Somoe pamoja, mimi na mama yake, tukimenya mihogo. Hakulia. Aliuliza kama nafasi yake atapewa Zuhura, nikasema ndiyo. Akasema Zuhura ana mbio lakini anatupa pasi ndefu mno, kule juu atakwisha kabla ya robo ya pili. Halafu kisu chake kikasimama. Akasema, kwa sauti ile yake ndogo, "Nilitaka kuona kwenu, Madamu."

Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipokuwa. Barua ya ruhusa ina majina kumi na mawili: wachezaji kumi na walimu wawili. Zuhura tulimchukua kama mchezaji wa kumi, na dada mmoja wa kidato cha tatu aliyebaki Masasi ndiye wa akiba. Somoe akitoka kwenye wachezaji, yule wa akiba anachukua nafasi, na Somoe anatoka kwenye gari. Mchezaji asiyecheza hana kiti.

Leo asubuhi tumeshuka Masasi. Saa tisa nikawaita wote uwanjani, na yule wa akiba, nikawaambia ukweli mbele ya Somoe, na kosa langu nikalitaja kwa jina. Nilitegemea minong'ono. Walichofanya ni kumzunguka, mmoja akaanza kumsuka mabutu hapo hapo, mwingine akaapa kumlisha maini kila siku mpaka aote pembe.

Nikampa Somoe filimbi.

Nimelifikiria hili tangu kwenye ule mteremko. Hewa ya Njombe siwezi kuileta Masasi, nimejaribu na mmeona nilichokileta. Lakini kwenye timu yangu kuna mtu mmoja ambaye amekuwa akicheza Njombe tangu mwezi wa pili, hapa hapa, peke yake, bila kumwambia mtu. Yeye ndiye anayejua unafanyaje pumzi isipotosha. Basi nikamweka katikati ya uwanja na kanuni moja: hakuna kukimbia kuliko anavyotembea Somoe. Akipuliza, wote mnasimama mlipo, mnatazama mpira ungepaswa kuwa wapi.

Mwanzoni walichekana wenyewe kwa wenyewe. Zuhura alipigiwa filimbi mpaka akanuna. Lakini kufika saa kumi na moja pasi zilikuwa zimekuwa fupi, na hakuna aliyeshika magoti. Somoe alikuwa anazunguka kati yao anashika kiwiko cha huyu, anamsogeza yule hatua moja kushoto. Nilimsikia akimwambia Zuhura, na nilimsikia nikiwa upande wa pili wa uwanja, "Vuta pumzi kwanza. Mpira hauendi popote."

Sijui kama tutashinda. Naona hatutashinda. Timu za kule zimezaliwa na hewa ile. Kikombe changu na kitenge cha mama nimeviweka pembeni, ingawa nikisema haviniumi nitakuwa naongopa, na nimeongopa vya kutosha wiki hii.

Muda mfupi kabla sijakaa kuandika, Chilumba amepita hapa barazani. Hakukaa. Alikuwa na bahasha na lile koti lake, koti zito la kijani alilochagua mtumbani tangu Aprili kwa ajili ya Njombe, alilolivaa darasani kwenye jua la Masasi ili wanafunzi wamwone. Hata salamu ya kwetu alikuwa ameshajifunza, kamwene, anaitamka vibaya sana.

Bahasha ilikuwa na barua mpya, kwa mwandiko wake ule mzuri wa ubaoni, tayari ina sahihi ya mkuu wa shule. Majina kumi na mawili. La kwake halimo. Mwalimu ni mimi tu, na juu kabisa, kabla yangu, kabla ya wachezaji wote kumi, ameandika jina la Somoe.

Nikamuuliza Njombe yake je. Akasema watu wasiooga wataendelea kuwepo. Nikamuuliza kwa nini jina la asiyecheza liwe la kwanza, watatuuliza maswali kule.

"Waambie ndivyo tunavyopanda," akasema. Akaniwekea koti mapajani. "Mpe. Mwenye damu pungufu husikia baridi kuliko sisi. Na lina mifuko mikubwa, vidonge vyake vitakaa."

Akaenda zake.

Nimempigia mama simu. Nimemwambia kuna mgeni mmoja atakayehitaji kiti cha karibu na moto, na asimpe chai pamoja na chakula, ampe uji. Mama akauliza huyo ndiye mgonjwa wenu? Nikamwambia hapana, mama. Huyo ndiye anayetuongoza.

Maji ya beseni yameshapoa. Alfajiri nitakuwa uwanjani, na safari hii nitasimama nyuma.